Maji ya Kunywa na Maji ya Matumizi

Katika nyumba nyingi za miji ya Afrika Mashariki maji hayaingii kwa njia moja. Bomba la mamlaka ya maji hutoa kwa zamu, kisima cha jirani huziba pengo, boza huitwa mgawo unapozidi, muuza maji hupita na mkokoteni wake wa madumu, na mvua ya masika hujimwaga juu ya bati bila malipo na, mara nyingi, bila kukingwa. Kila chanzo kina bei yake na hatari yake, lakini maji yakishaingia ndani humiminwa katika pipa au tangi moja, na kuanzia hapo hutendewa kana kwamba yote ni ya aina moja. Hoja ya makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya gharama na ya maradhi ya maji nyumbani inatokana na kutotenga maji machache yanayoingia kinywani na maji mengi yanayopita juu ya mwili, nguo na sakafu, na kwamba familia inayoyatenga hupata nafuu ya mfuko na ya afya hata pale ambapo chanzo cha maji yake hakikubadilika.

Hesabu ya msingi ni rahisi. Shirika la Afya Duniani huchukulia takribani lita 20 kwa mtu kwa siku kuwa kiasi cha chini cha kukidhi mahitaji ya lazima, na takribani lita 50 kuwa kiasi kinachomwezesha mtu kuoga na kufua nyumbani bila kujinyima. Kati ya hizo, zinazonywewa hasa ni lita mbili hadi tatu, na zinazotumika jikoni, yaani kupikia, kuoshea matunda na mboga zinazoliwa mbichi, na kusuuzia vyombo vya kulia, zinaweza kukadiriwa kuwa lita nne au tano. Kwa kipimo hicho, familia ya watu watano inayotumia lita 250 kwa siku inahitaji lita 35 tu zilizo salama kwa kinywa, ambazo ni sehemu moja ya saba ya maji yote, na hata kati ya hizo 35 zile za kupikia huchemka zenyewe ndani ya sufuria. Kusafisha lita 250 kila siku ni kazi isiyowezekana kwa familia ya kawaida. Kusafisha lita 12 au 15 ni kazi ya nusu saa.

Jambo ambalo halipewi uzito unaostahili ni kwamba maji yaliyotoka bombani au kisimani yakiwa safi huweza kuchafuka baada ya kufika nyumbani. Tafiti nyingi zilizolinganisha maji kwenye chanzo na maji hayohayo baada ya kuhifadhiwa zimeonesha kwamba idadi ya bakteria wa kinyesi, yaani wale ambao kuwapo kwao ni ishara kwamba kinyesi cha mtu au mnyama kimefika majini, mara nyingi huongezeka kati ya bomba na kikombe. Njia ya uchafuzi huo ni ya kawaida kabisa: ndoo yenye mdomo mpana, kata au kikombe kinachotumbukizwa humo na mikono ya watu wengi, mtoto anayechota huku vidole vikigusa maji, na dumu lililobebea mafuta au maji ya kisima jana likajazwa maji ya kunywa leo kwa kusuuzwa juu juu. Kwa hiyo, chombo cha maji ya kunywa kina umuhimu sawa na dawa inayowekwa ndani yake. Kinachofaa ni ndoo yenye kifuniko na koki karibu na kitako, au dumu lenye mdomo mwembamba ambao mkono haupiti, likimiminwa wala lisichotwe. Mtungi wa udongo, ambao hupoza maji kwa sababu unyevu unaopenya katika kuta zake hugeuka mvuke na kuondoka na joto, hauna kasoro kwa udongo wake. Kasoro yake ni mdomo wake mpana na kata iliyolazwa juu ya kifuniko, na mafundi wanaoufinyanga ukiwa na tundu la koki wameitatua shida hiyo bila kuwanyima watu ladha ya maji ya mtungi.

Uzito wa jambo hili hudhihirika pale kipindupindu kinapozuka. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa katika mikoa mingi ya Tanzania Bara na kufika Zanzibar, na kimelea chake, bakteria aitwaye Vibrio cholerae, hupita kwa maji na chakula vilivyoguswa na kinyesi cha mgonjwa. Katika hali kama hiyo nyumba huhitaji maji salama kwa shughuli mbili: kumkinga mtu asiugue, na kumrudishia mgonjwa maji anayopoteza wakati akipelekwa kituo cha afya. Pale ambapo pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini hazipatikani, kinywaji mbadala hutengenezwa kwa lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikisawazishwa juu ya kijiko bila kilima. Kuzidisha chumvi ni hatari kwa mtoto, na kuokoteza maji yoyote yaliyo karibu kwa ajili ya kinywaji hicho ni kumtibu mgonjwa kwa kile kilichomuuguza.

Kuhusu namna ya kuyasafisha maji, kuchemsha ndiyo njia inayoaminika kuliko zote, na pia ndiyo inayofanywa kwa ubadhirifu kuliko zote. Vimelea vya maradhi, wakiwamo virusi na wale wenye ganda gumu, huanza kufa joto likipita nyuzi 60, na hadi maji yafike kiwango cha kutokota huwa hawakusalia wa kuleta madhara. Yanapoonekana kutokota kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini, kazi imekwisha. Dakika moja ya ziada ni tahadhari inayotosha, na maeneo yaliyo juu ya meta 2,000 huongezewa hadi dakika tatu, kwa sababu maji ya nyanda za juu hutokota katika joto la chini zaidi. Jijini Nairobi, kwa mfano, maji hutokota karibu na nyuzi 94, joto ambalo bado lawatosha vimelea wote hao. Desturi ya kuacha sufuria itokote robo saa au zaidi haina faida yoyote kiafya, bali huteketeza kuni na gesi.

Gharama yenyewe inaweza kukokotolewa. Kupasha lita 20 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 huhitaji nishati ya takribani uniti 1.7 za umeme, na kwa kuwa jagi la umeme hupoteza kiasi kidogo, mita itaonesha karibu uniti mbili. Jiko la gesi hupoteza kama nusu ya joto lake pembeni mwa sufuria, kwa hiyo kilo moja ya gesi huchemsha lita zipatazo 70, na mtungi wa kilo sita, usipotumiwa kwa lolote jingine, huishia kwenye lita 440 hivi. Familia ya watu watano inayochemsha lita 12 za kunywa kwa siku ingeumaliza mtungi huo kwa muda unaozidi mwezi mmoja kidogo. Ikichemsha lita 35 zote za kinywa na jikoni ingeumaliza kabla ya majuma mawili. Na kama ingejaribu kuchemsha maji yote ya nyumba, mtungi usingefika jioni ya siku ya pili. Hesabu hizi hubadilika kwa aina ya jiko, upepo na kifuniko cha sufuria, na kifuniko peke yake huokoa zaidi kuliko wapishi wengi wanavyodhani, lakini uwiano wake haubadiliki. Mkaa ni mbaya zaidi, kwa sababu jiko la kawaida hupeleka sehemu ndogo tu ya joto lake kwenye sufuria, na kilo nzima huweza kuishia kwenye ndoo moja.

Kwa sababu hiyo, klorini inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa. Klorini ni kemikali inayoua bakteria na virusi kwa kuharibu kuta zao na protini zao, na ndiyo hutumiwa na mamlaka za maji katika mitambo mikubwa. Kwa matumizi ya nyumbani huuzwa katika vichupa vya dawa ya maji kama WaterGuard, inayojulikana Tanzania na Kenya, au katika vidonge vinavyofaa pia kwa msafiri anayekaa katika nyumba za wageni asizozijua. Kipimo cha kawaida kwa maji maangavu ni miligramu mbili za klorini kwa kila lita, ambacho kwa dawa nyingi za chupa ni kama kifuniko kimoja kwa ndoo ya lita 20, ingawa maelekezo ya lebo ndiyo ya kufuatwa kwa kuwa nguvu za dawa hutofautiana. Maji hukorogwa, hufunikwa na kuachwa nusu saa kabla ya kunywewa. Faida ambayo kuchemsha hakuna ni kwamba klorini hubaki ndani ya maji kwa siku moja hivi na kuendelea kuyalinda dhidi ya mkono utakaoyagusa baadaye, ilhali maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote baada ya kupoa.

Udhaifu wake ni wa aina tatu. Kwanza, maji yenye tope huimaliza klorini kabla haijawafikia vimelea, na ndiyo maana huhitaji kutulizwa na kuchujwa kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha kuwekewa kipimo maradufu. Pili, kipo kimelea kiitwacho Cryptosporidium, kinacholeta kuhara na kuwaathiri zaidi watoto wadogo na watu wenye upungufu wa kinga, ambacho klorini ya kipimo cha nyumbani haikiui. Kwa mgonjwa wa namna hiyo maji yachemshwe. Tatu ni harufu, ambayo wengi huilalamikia kana kwamba ni dalili ya sumu, wakati harufu hafifu baada ya nusu saa ni dalili kwamba dawa bado ipo na inafanya kazi. Chupa yenyewe isiwekwe dirishani wala juu ya jiko, kwa kuwa jua na joto huidhoofisha, na chupa ya mwaka juzi haipaswi kuaminiwa.

Kwa kutuliza tope, shabu ya dukani na mbegu za mlonge zilizotwangwa hufanya kazi inayofanana: zote mbili huzikusanya chembe ndogo zinazoelea ziwe mafungu mazito yanayozama, na maji maangavu hubaki juu yakisubiri kuwekewa dawa. Ieleweke kwamba maji yaliyong'aa kwa shabu si maji yaliyouawa vimelea. Huwa yametayarishwa tu. Jua nalo hufaa pale ambapo hakuna fedha ya gesi wala ya dawa. Chupa angavu za plastiki zisizozidi lita mbili, zikijazwa maji maangavu na kulazwa juu ya bati kwa saa sita za jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu, husafishwa na mionzi ya jua pamoja na joto lake, na utafiti uliofanywa kwa watoto wa Kimaasai nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 1996 ulionesha kwamba waliokunywa maji ya chupa zilizoanikwa waliharisha kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Vichujio vya udongo wa kauri huzuia bakteria na vimelea wakubwa, ila virusi, kwa udogo wao, wengi hupenya.

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo moto hauwezi kuyaondoa na ambayo huongezeka kwa kuchemsha. Chumvi ni moja, na wakazi wa pwani wenye visima vilivyoingiliwa na maji ya bahari wanaifahamu kwa ulimi. Jingine halina ladha: ni floridi, madini yanayotoka katika miamba ya volkano, ambayo kwa kiasi kidogo huimarisha meno na kwa kiasi kikubwa huyatia madoa ya kahawia na, mtu akiendelea kuyanywa kwa miaka mingi, huikaza na kuipinda mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi katika Bonde la Ufa nchini Kenya na katika miteremko ya Mlima Meru upande wa Arusha huupita mpaka huo mara kadhaa. Maji yanapochemka, mvuke huondoka na floridi hubaki, kwa hiyo sufuria iliyotokota muda mrefu humrudishia mnywaji maji yenye floridi nyingi zaidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto maalumu, njia inayofaa lakini inayodai mkaa kubadilishwa kwa wakati. Kwa familia ya maeneo hayo tiba iliyo karibu zaidi huanguka yenyewe, kwa kuwa maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa, na mtoto ambaye meno yake ya ukubwani hayajaota ndiye anayestahili kuyapata kwanza.

Uvunaji wa mvua huchukuliwa mara nyingi kuwa mradi wa shule au wa wafadhili, ingawa hesabu yake inamfaa kila mwenye bati. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mabati hupoteza takribani sehemu moja ya tano kwa kurushwa na upepo, kukauka na kumwagika pembeni, hivyo nyumba yenye paa la meta za mraba 80 hupata lita 64 kwa kila milimita inayonyesha. Dar es Salaam hupata wastani wa karibu milimita 1,100 kwa mwaka, ambazo juu ya paa hilo ni lita zaidi ya 70,000. Dodoma, yenye chini ya milimita 600, bado ingelipatia paa hilohilo zaidi ya lita 30,000. Tatizo halimo katika wingi bali katika majira, kwa sababu pwani hupata maji yake katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Disemba, na katikati kuna miezi ya ukavu ambayo tangi pekee ndilo linaloweza kuivuka.

Hapa ndipo utengano wa maji unapobadilisha bei ya mradi mzima. Familia ya watu watano ikitaka kukidhi mahitaji yake yote, lita 250 kwa siku, kutoka Juni hadi Septemba kwa mvua peke yake, itahitaji tangi la takribani lita 30,000, ambalo ni ujenzi wa saruji na mkopo. Ikitaka lita 35 za kinywa na jikoni tu, itahitaji takribani lita 4,200, yaani tangi la plastiki la lita 5,000 linaloletwa na gari dogo na kufungwa kwa siku moja, na milimita 78 za mvua ya mwisho wa masika hulijaza. Maji ya kuogea na kufulia yabaki ya bomba au ya kisima, hata kiwe cha chumvichumvi. Wengi hununua tangi kubwa kwa fahari, wakaliunganisha na choo na bustani, na kufika Julai wakawa wanamwita muuza maji ili wapate ya kunywa.

Paa lenyewe lina mambo yake. Bati na vigae vinafaa; makuti hayafai kwa maji ya kunywa kwa kuwa hutoa rangi na hufuga wadudu, na paa lililopakwa rangi yenye risasi lisikingwe hata kwa maji ya kupikia. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi, kinyesi cha ndege na mizoga ya mijusi, na haipaswi kuingia tangini. Kipimo cha kuimwaga ni angalau nusu milimita ya mwanzo, ambayo kwa paa la meta 80 ni lita 40. Inaweza kuelekezwa kwenye bomba la wima lililozibwa chini, lijae kwanza kisha maji yanayofuata yapite juu yake kuelekea tangini, na bomba hilo lifunguliwe na kumwagwa baada ya kila mvua. Asiye na fundi anaweza kuuchomoa tu mpira unaoingia tangini kwa dakika kumi za mwanzo, mradi awepo nyumbani mvua inapoanza, jambo ambalo mvua ya alasiri ya masika haimhakikishii mtu yeyote.

Tangi nalo ni mzigo wa kweli. Kila lita ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 5,000 lililojaa ni tani tano, na hukaa chini, juu ya kitako cha zege kilicho bapa na kipana kuliko tangi, kwa kuwa plastiki iliyoning'inia ukingoni hupasuka. Tangi dogo la kusukuma maji bombani linaweza kupandishwa mnarani, lakini mwenye nyumba ajue kwamba kila meta moja ya kimo huongeza msukumo kwa sehemu ndogo tu, na mnara wa meta tatu hauwezi kulisha bomba la mvua la bafuni kwa nguvu ya hotelini. Rangi nyeusi au nyingine isiyopitisha mwanga huchaguliwa ili mwani usiote, na koki ya kutolea maji hufungwa inchi chache juu ya kitako ili mashapo yabaki chini.

Kifuniko na chandarua katika kila tundu, hata lile la kumwagia ziada, ni suala la maradhi kuliko la usafi. Mbu aitwaye Aedes aegypti, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengue na chikungunya, hupenda kutaga katika maji yaliyohifadhiwa nyumbani kuliko katika madimbwi ya nje. Chikungunya yenyewe ilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 upande wa Newala, katika uwanda wa juu wa Wamakonde, mahali ambapo maji yalikuwa ya shida na watu waliyaweka ndani ya vyombo vya nyumbani. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mayai ya mbu huyu hugandishwa kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa kisha yakaanguliwa maji yanapopanda; kumwaga maji bila kusugua kuta, kwa hiyo, hakusaidii. Kutoka yai lililolowa hadi mbu anayeruka huchukua siku saba hadi kumi kwa joto la pwani, na ndiyo sababu mapipa ya wazi, visahani vya maua na bakuli za kuku husuguliwa kila juma. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walilijua tatizo hili kwa namna yao: katika mabirika ya bafuni walifuga samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na kwenye sakafu ya birika walipachika bakuli la kauri ya Kichina ili maji yalipokwisha samaki hao wabakiwe na mahali pa kuishi.

Kuosha tangi mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, kunatosha pale ambapo kifuniko ni kizima. Mashapo huondolewa, kuta husuguliwa kwa brashi isiyo na sabuni, kisha tangi hujazwa maji na kutiwa klorini ya kipimo cha miligramu 50 kwa lita na kuachwa usiku na mchana. Kwa dawa ya kung'arishia nguo isiyo na manukato, yenye klorini ya asilimia 3.5, kipimo hicho ni karibu lita moja na nusu kwa kila lita 1,000 za maji. Maji hayo hayanywewi wala hayamwagwi kwenye bustani. Hutolewa kwa koki ili mabomba nayo yasafike, kisha tangi husuuzwa. Dawa hiyo ikichanganywa na tindikali ya kuoshea choo hutoa gesi yenye sumu, na mtu asiingie ndani ya tangi peke yake hata kwa dakika moja, kwa sababu hewa ya humo huweza kuwa haba na waokoaji wasiojiandaa hufuatana na wa kwanza.

Inabaki hesabu ya fedha. Uniti moja ya maji katika ankara ni meta moja ya ujazo, yaani lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Anayenunua ndoo kwa shilingi 200 hulipa shilingi 10,000 kwa uniti, na akiilinganisha na bei iliyoandikwa katika ankara ya jirani yake mwenye bomba ataona mara moja kama gharama ya kuunganishiwa maji inamlipa. Kwa upande wa mwenye bomba, adui ni uvujaji. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde, tone likiwa robo ya mililita, hupoteza zaidi ya lita 20 kwa siku, ambazo ni maji ya kunywa ya familia nzima na ziada juu yake, ingawa katika ankara ya mwezi hazifiki uniti moja. Hasara kubwa iko chooni, ambako tangi linalovuja kimyakimya huweza kupitisha mamia ya lita kwa siku bila sauti. Koki zote zikifungwa usiku na tarakimu za mita zikaandikwa, kisha zikasomwa tena baada ya saa moja bila mtu kutumia maji, badiliko lolote ni uvujaji. Na matone machache ya rangi ya chakula yakitiwa katika tangi la choo, rangi ikaonekana kwenye bakuli ndani ya nusu saa bila mtu kuvuta maji, chanzo kimepatikana. Mara nyingi kilichochakaa ni kizibo cha mpira kilicho chini ya tangi hilo, ambacho huuzwa katika duka lolote la vifaa vya mabomba na hubadilishwa bila fundi, mradi koki ya ukutani ifungwe kwanza na mpya ipimwe dhidi ya ya zamani kabla ya kuondoka dukani.